Marais Wanapigiana Simu, Balozi Anabaki na Kazi Gani?

Jumatatu ya tarehe 15 Januari 2024, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ilitoa tangazo fupi: kuanzia tarehe 22 mwezi huo, Kenya Airways isingeruhusiwa tena kubeba abiria kati ya Nairobi na Dar es Salaam. Sababu ni kwamba Kenya ilikuwa imeinyima Air Tanzania kibali cha ndege yake ya mizigo kuchukua shehena Nairobi na kuipeleka nchi ya tatu. Mitandaoni palichimbika. Wakenya na Watanzania walirushiana maneno usiku kucha, na wenye tiketi mkononi wakashika vichwa. Kesho yake mambo yakawa yamekwisha. Mawaziri wa mambo ya nje, Musalia Mudavadi na January Makamba, walizungumza, mamlaka za anga zikakubaliana, na zuio likafa kabla hata siku yake ya kuanza haijafika.

Katika sakata hilo kuna mtu ambaye karibu hakutajwa: balozi. Kenya ina balozi wake Dar es Salaam na Tanzania ina wake Nairobi, kila mmoja na ofisi, bendera, gari, dereva na maofisa wa kumsaidia. Mlipakodi ana haki ya kuuliza. Kama mawaziri wana namba za simu za wenzao, marais wanaitana kaka na dada, na Nairobi kwenda Dar es Salaam ni mwendo wa saa moja na kidogo angani, huyu mtu analipwa kwa kazi gani?

Ukilitazama jambo juu juu, utasema hana kazi. Mimi naona kinyume. Simu ya mawaziri iliondoa zuio, lakini zuio lenyewe lilizaliwa na ombi la kibali lililokataliwa, na kati ya majirani maombi ya namna hiyo ni mengi kama mchanga: ndege ya mizigo, cheti cha mahindi, leseni ya lori, pasi ya mwanafunzi, wavuvi waliokamatwa ziwani. Hayafiki mezani kwa rais mpaka yawe yameshaoza. Anayelipwa kuyanusa mapema ni yule anayelala hukohuko, na akiyawahi hakuna gazeti litakaloandika, kwa sababu hakuna kilichotokea.

Neno lililotoka mbali

Neno "balozi" lina safari ndefu. Tulilipata kupitia Ghuba, ambako Waarabu walimwita mwakilishi wa Waingereza "balyoz". Wao walilipata kwa Waturuki, na Waturuki walilipata kwa watu wa Venice, waliokuwa na mwakilishi wao wa kudumu Istanbul wakimwita "bailo". Ukizidi kuchimba unafika kwenye Kilatini, ambako mzizi wake ni neno la mtu anayebeba mizigo. Yaani chini kabisa ya shina, mheshimiwa balozi ni hamali. Sijui kama maofisa wa itifaki wangelipenda hilo, lakini mimi naliona linafaa.

Kutuma wajumbe ni jambo la kale. Mfalme alimtuma mtu, mtu akafikisha ujumbe, akapewa jibu na zawadi, akarudi kwao. Jambo jipya lilikuwa kumwacha akae. Hilo lilishika mizizi Italia katika karne ya 15, tena kati ya majirani: Milan, Florence, Venice, miji-dola iliyokuwa karibu kiasi kwamba mpanda farasi alitoka mmoja hadi mwingine kwa siku chache. Mtu wa Francesco Sforza, aliyekuja kuwa mtawala wa Milan, jina lake Nicodemo Tranchedini, alikaa Florence tangu 1446 kwa miaka kama 20, ubavuni mwa Cosimo de' Medici, kigogo wa mji huo. Hakupelekwa kwa sababu Florence ilikuwa mbali. Alipelekwa kwa sababu ilikuwa karibu mno: jeshi la jirani lingeweza kufika langoni kabla mjumbe wa kawaida hajarudi kueleza alichokiona. Baada ya mkataba wa amani wa Lodi mwaka 1454, desturi hii ikaenea katika rasi yote ya Italia, kisha Ulaya nzima. Kwa hiyo balozi mkazi ni mtoto wa mambo mawili, ukaribu na kutoaminiana, na majirani wa leo wana akiba nzuri ya yote mawili.

Watanzania tuna mfano mwingine wa karibu zaidi, kwenye mtaa. Balozi wa nyumba kumi, aliyeanzishwa na TANU miaka ya 1960, hakuwa na gari wala bendera. Thamani yake ilikuwa moja: analala palepale. Anajua mbuzi aliyekula mahindi ni wa nani, anajua mgeni aliyeingia jana usiku ametoka wapi, na watu wanamgongea kabla hawajaenda polisi. Kuna mambo mengi yasiyopendeza ya kusema juu ya mfumo ule, hasa ulivyochanganya chama na dola, lakini kuhusu faida ya kukaa karibu na ugomvi ulikuwa sahihi.

Ridhaa, hati na Ikulu

Kanuni za kazi hii ziliandikwa Vienna mwaka 1961. Mkataba wa Vienna wa Uhusiano wa Kidiplomasia, katika Ibara ya 3, unampa balozi na ofisi yake kazi tano: kuiwakilisha nchi yake, kulinda maslahi yake na ya raia wake, kujadiliana na serikali ya wenyeji, kujua hali ya nchi ile kwa njia zote halali na kuripoti nyumbani, na kukuza urafiki pamoja na uhusiano wa uchumi, utamaduni na sayansi. Maneno "njia halali" ndiyo yanayomtenga balozi na jasusi, ingawa kuna majirani ambao hawajawahi kuamini kwamba mstari huo upo.

Jina la balozi mteule hupelekwa kwanza kimyakimya kwa wenyeji ili kuombewa ridhaa. Wakikataa, hawalazimiki kusema kwa nini. Nyumbani nako kila nchi ina utaratibu wake: Kenya, kwa Katiba ya 2010, rais hupendekeza na Bunge la Taifa huidhinisha, ilhali Tanzania rais huteua bila kupita bungeni. Kisha mteule husafiri, huwasilisha nakala za hati zake za utambulisho wizarani, na kusubiri siku ya kuitwa Ikulu.

Siku hiyo runinga hutuonyesha wimbo wa taifa, gwaride dogo na watu wawili wakishikana mikono. Tusichokiona ni maneno ya barua. Ni barua ya rais kwa rais mwenzake, ikimwomba aamini kila atakalolisema mtu huyu kwa niaba ya aliyemtuma. Mara nyingi balozi hubeba na barua ya pili, ya kumwita nyumbani mtangulizi wake. Tangu hapo mwili wake haugusiki, nyumba yake haiingiliwi bila idhini, na makaratasi yake hayapekuliwi. Wahenga walilimaliza hilo kwa maneno mawili, mjumbe hauawi, karne nyingi kabla ya Vienna.

Kuhusu majina, jambo moja linalowachanganya wengi. Kati ya nchi za Jumuiya ya Madola, mtu huyu rasmi ni Kamishna Mkuu. Ndiyo maana Tanzania humpeleka Kamishna Mkuu Nairobi, Kampala, Kigali, Lusaka, Lilongwe na Maputo, lakini Balozi Bujumbura na Kinshasa. Kazi na kinga ni zilezile, na Kiswahili kwa busara yake huwaita wote balozi. Tofauti iliyo na uzito ni nyingine, ile unayoisoma kwenye habari za kuwasilisha hati: "balozi wa nchi fulani nchini Tanzania mwenye makazi yake Nairobi." Huyo anahudumia nchi kadhaa kutoka kituo kimoja, na huja kwa ziara. Kwa nchi ya mbali yenye biashara ndogo, inatosha. Tanzania haikuthubutu kufanya hivyo kwa jirani hata mmoja: katika nchi zote nane inazopakana nazo ina ubalozi wenye mtu anayelala pale.

Asubuhi ya balozi wa jirani

Balozi wa nchi ya Ulaya aliyeko Dar es Salaam hutegemea mfanyakazi wa kumtafsiria magazeti, na tafsiri ikimfikia, kejeli na mafumbo yameshadondoka njiani. Balozi wa Kenya anasoma mwenyewe akinywa chai. Anamsikiliza mbunge redioni na kujua kama amekasirika kweli au anatafuta makofi. Si ajabu kwamba Kenya imewahi kuwapeleka Dar es Salaam watu wa pwani yake: Chirau Ali Mwakwere wa Kwale, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje, na baada yake Dan Kazungu, aliyekuwa mbunge wa Malindi na waziri wa madini. Mtu wa Kwale hahitaji kufundishwa namna ya kuanza na salamu ndefu kabla ya kutaja shida iliyomleta.

Salamu zina nafasi yake hata kwenye karatasi. Barua ya kawaida kati ya ubalozi na wizara ya wenyeji huandikwa kama vile hakuna mtu aliyeiandika. Haisemi "mimi" wala "wewe". Huanza kwa ubalozi wa nchi fulani kuipa salamu wizara na kusema una heshima ya kuieleza jambo lifuatalo. Kisha linakuja jambo, hata kama ni malalamiko makali ya raia kupigwa. Mwisho ubalozi unasema unatumia fursa hiyo kuihakikishia tena wizara heshima yake kubwa. Haina saini ya jina, ina muhuri na herufi za mkato. Nilipoanza kuzifahamu barua hizi niliziona za unafiki. Siku hizi naona zina akili: ukimlazimisha mtu aanze kwa salamu na amalize kwa heshima, katikati anapata shida kutukana.

Lakini sehemu kubwa ya siku haiendi kwenye barua. Inakwenda kwa watu. Mwanafunzi amepoteza pasipoti anataka hati ya dharura ya safari. Familia imefiwa, maiti lazima ivuke mpaka kesho, na hospitali, polisi na forodha kila mmoja anataka karatasi yake. Dereva wa lori amezuiwa. Wavuvi wamekamatwa kwa kuvuka mstari ambao majini hauonekani. Kwa mabalozi wa nchi za mbali, raia wao waliopo ni watalii na wafanyakazi wachache wa mashirika. Kwa jirani ni wafugaji, wachuuzi, mafundi, walimu, wake na waume wa kuoana, wengi wao wakiwa hawajawahi hata kujiandikisha ubalozini. Wamasai wa Namanga, Wakuria wa Sirari na Isebania, Wadigo wa Horohoro na Lungalunga wana jamaa pande zote mbili na mpaka uliwakuta palepale walipo.

Raia akikamatwa, Mkataba wa Vienna wa Uhusiano wa Kikonsula wa mwaka 1963, Ibara ya 36, unasema aelezwe haki yake ya kuwasiliana na ubalozi wake, na watu wa ubalozi waruhusiwe kumwona. Kwenye karatasi ni rahisi. Aprili 2024, maofisa wa ujasusi wa kijeshi mjini Kinshasa waliwakamata wafanyakazi wawili wa Kenya Airways kwa madai kwamba mzigo mmoja wa thamani ulikosa hati za forodha. Shirika lilisema mzigo huo lilikuwa limekataa kuuchukua. Kwa maelezo ya shirika, watu wa ubalozi waliruhusiwa kuwaona kwa dakika chache tu. Mahakama ya kijeshi iliagiza waachiwe, wakaendelea kushikiliwa, na mwisho wa mwezi shirika likasimamisha safari za Kinshasa. Mapema Mei wote wawili walikuwa huru. Mwaka mmoja baadaye, Mei 2025, serikali ya Kenya ililalamika hadharani kwamba maofisa wake walinyimwa nafasi ya kumwona mwanaharakati wa Kenya aliyeshikiliwa Dar es Salaam. Wizara ya nchi moja inapofika kuandika hadharani kwa jirani wa karibu hivyo, ujue njia za kimya zimeshagonga mwamba.

Anaporukwa

Hapa ndipo penye fundo la mada yetu. Kadiri nchi zinavyokuwa karibu, ndivyo balozi anavyorukwa. Mawaziri wa kilimo wanajuana, wakuu wa majeshi walisoma pamoja, marais wanakutana kila mkutano wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wakati mwingine urafiki wenyewe ni tatizo: John Magufuli na Raila Odinga walikuwa marafiki tangu walipokuwa mawaziri wa ujenzi na barabara miaka ya 2000, na serikali ya Nairobi, iliyokuwa ikishindana na Raila kwenye uchaguzi wa 2017, haikuwa na sababu ya kuufurahia. Balozi katika hali hiyo hana la kujadiliana. Anachoweza ni kuwaeleza wenyeji wake kila upande unaogopa nini.

Mfano mgumu zaidi ni wa Rwanda na Uganda. Mwishoni mwa Februari 2019 mpaka wa Gatuna ulifungwa. Rwanda ilidai raia wake wanakamatwa na kuteswa Uganda na kwamba wapinzani wake wanahifadhiwa huko. Uganda ilidai Rwanda inafanya ujasusi ndani ya vyombo vyake. Malori yaligeuzwa, wakulima wa Kabale wakakosa soko, na watu waliozoea kuvuka kwenda kununua maharage wakawa wanavuka kwa kujificha. Ubalozi wa kila upande ulibaki wazi muda wote. Angola na Congo zikapatanisha, makubaliano yakatiwa saini Luanda Agosti 2019, lakini mpaka haukufunguka. Kilichouvunja ukimya ni Januari 2022. Kwanza Adonia Ayebare, balozi wa Uganda Umoja wa Mataifa, alifika Kigali kama mjumbe maalumu wa Museveni. Siku chache baadaye akaja Muhoozi Kainerugaba, mtoto wa rais. Tarehe 31 Januari mpaka ukafunguliwa.

Mtu anaweza kuusoma mkasa huo kama ushahidi kwamba balozi mkazi ni pambo. Miaka mitatu karibu, hakuweza; mwana akaweza kwa siku moja. Sikatai kwamba kulikuwa na kitu ambacho balozi wa kawaida hakuwa nacho: sikio la baba. Ugomvi ukiwa kati ya watu wawili wanaojuana tangu msituni, dawa yake haimo ubalozini. Lakini tazama na upande wa pili. Kwa miaka hiyo mitatu nchi mbili zenye majeshi yenye uzoefu, zilizowahi kupigana zenyewe kwa zenyewe Kisangani mwaka 2000, hazikupigana. Raia waliokamatwa walikuwa na mlango wa kubisha. Mpatanishi alipokuja alikuta watu wa kumweleza hali ilivyo. Kulinda moto usisambae ni kazi, hata kama maji ya kuuzima ameyaleta mwingine.

Na kuna kazi ya baada ya simu. Mei 2021, wiki chache baada ya kuingia madarakani, Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda Nairobi. Miaka iliyotangulia ilikuwa michungu: mwaka 2017 Tanzania ilipiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya na kuchoma moto vifaranga 6,400 vilivyokamatwa Namanga, 2020 nchi zikagombana juu ya vipimo vya korona vya madereva, kisha juu ya ndege, na Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Marais wakaagiza vikwazo visivyo vya kiforodha viondolewe. Agizo la rais ni sentensi moja. Orodha ilikuwa na vikwazo 64, na kila kimoja kilikuwa na karatasi yake, ofisa wake, ada yake na mtu aliyekuwa akifaidika nacho. Kuvifuta, kimoja kimoja, mpaka zaidi ya nusu vikaondoka kabla ya mwaka kwisha, ilikuwa kazi ya vikao vya wataalamu, na baada ya kila kikao lazima pawe na mtu wa kuuliza wiki inayofuata: lile mliloahidi limefikia wapi? Wataalamu wamesharudi kwao. Anayeweza kwenda wizarani Jumanne, akarudi Alhamisi, na kukutana na mhusika msibani Jumamosi, ni yule anayekaa pale.

Mpaka uko mbali na ubalozi

Udhaifu mkubwa wa mpango huu ni wa kijiografia. Balozi hukaa mji mkuu, lakini majirani hukutana mpakani, na mara nyingi miji hiyo haina habari na mpaka. Congo ndiyo mfano wa kutisha. Shaba ya Katanga inapita Kasumbalesa, inavuka Zambia, inaingia Tunduma na kushuka hadi bandari ya Dar es Salaam, ikibebwa na madereva wengi wa Kitanzania. Dereva akivamiwa au lori likizuiliwa Kasumbalesa, ubalozi wake uko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka pale, upande wa pili wa nchi, ng'ambo ya mto kutoka Brazzaville. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ndiyo sababu Tanzania ina konseli mkuu, yaani mwakilishi wa kuhudumia raia nje ya mji mkuu, huko Lubumbashi, kama ilivyo naye Mombasa. Kwangu mimi, kwa fedha ileile, konseli mmoja mwenye gari zuri na Kiswahili cha Katanga ana faida kuliko mwambata wa tatu mjini Kinshasa.

Tanzania yenyewe inawapa mabalozi wa majirani mtihani wake. Serikali imehamia Dodoma, wizara ziko Mtumba, balozi nyingi bado ziko Dar es Salaam. Reli ya kisasa imepunguza adha tangu 2024, lakini kupanda treni si sawa na kukutana na katibu mkuu kwa bahati kwenye foleni ya benki, na mengi ya kazi hii ni bahati za namna hiyo.

Ngazi ya hasira

Balozi anatumika pia kama kipimajoto. Nchi ikikasirika, inaanza kwa kumwita wizarani na kumpa maneno. Ikizidi, inamwita balozi wake arudi nyumbani "kwa mashauriano". Ikizidi tena, inamtangaza wa mwenzake kuwa hatakiwi, jambo ambalo Ibara ya 9 ya mkataba ule wa 1961 inaliruhusu bila kutoa sababu, au inaacha kaimu tu ofisini. Mwisho ni kuvunja uhusiano kabisa. Faida ya ngazi hii ni kwamba ina vidaraja. Nchi isiyo na balozi wa kumrudisha ina hatua chache za kuonyesha hasira kabla ya kufika kwenye zile zinazoumiza watu.

Congo imepanda ngazi hii mbele ya macho yetu. Oktoba 2022 ilimfukuza balozi wa Rwanda, Vincent Karega, kwa sababu ya vita vya waasi wa M23 mashariki mwa nchi. Desemba 2023, baada ya mwanasiasa wa Congo, Corneille Nangaa, kutangaza muungano wake wa waasi akiwa Nairobi, Kinshasa ikamwita nyumbani balozi wake aliyekuwa Kenya. Januari 2025, Goma ikiwa karibu kuanguka, ikawaondoa wanadiplomasia wake wote Kigali. Daraja za kupanda zilikuwa zimekwisha. Tangu hapo mazungumzo yakahamia mbali, Doha na Washington, kwa watu wasiojua hata harufu ya ziwa Kivu.

Kenya na Somalia nazo zilionja. Desemba 2020 Mogadishu ilivunja uhusiano ikiilaumu Nairobi kwa kuingilia siasa zake, na ikahitaji Qatar kuingia kati ndipo ukarudishwa Mei 2021. Lakini miraa ya wakulima wa Meru, iliyozuiwa Somalia tangu Machi 2020, haikuruka tena kuelekea Mogadishu hadi Julai 2022, alipokuja rais mpya. Kurudisha mabalozi ilikuwa kurudisha viti tu. Kuna aliyetakiwa kukaa, kunywa chai na kungoja.

Kwa hiyo swali la nani anapelekwa kwa jirani si dogo. Serikali zetu zina tabia ya kuona vituo vya karibu kama mahali pa kumpumzishia mwanasiasa aliyeshindwa uchaguzi au mkuu wa usalama aliyestaafu. Si lazima wawe wabaya. Mwanasiasa mzoefu anajua kuomba, na rais wake hupokea simu yake, jambo ambalo mwanadiplomasia wa taaluma mara nyingi hana. Mbaya ni yule anayeipokea kazi kama adhabu, ambaye mwisho wa wiki anakimbilia kwao kwa sababu kwao ni karibu. Ukaribu huo unaomrahisishia safari ndio uliomfanya apelekwe.

Muda wake ukiisha, huaga kama alivyokuja: Ikulu, chai, picha, barua kwa mabalozi wenzake kuwajulisha kwamba anaondoka. Mrithi wake atakuta ofisi, faili, samani na bendera. Atakachohitaji zaidi hakimo kwenye makabidhiano, isipokuwa mtangulizi awe mwungwana wa kumwandikia kwenye karatasi: namba ya simu ya yule ofisa wa mifugo wa mpakani anayepokea hata saa sita usiku.